Kipimo cha Wiki ya Giza

Watu wengi wakisikia neno kipimo hufikiria mtihani, na kwa miaka mingi sehemu ya kazi yangu imekuwa kuwatoa hofu hiyo. Mtihani unakuuliza umesoma nini. Kipimo cha vipaji kinakuuliza kitu kingine: ukifundishwa, ungejifunza nini kwa wepesi? Unaonyeshwa picha ya magurudumu matatu yenye meno yaliyoshikana, unaambiwa la kwanza linazunguka kulia, kisha unaulizwa la tatu linazunguka upande gani. Huenda hujafundishwa jambo hilo darasani, lakini ukitulia unaweza kuyazungusha kichwani. Wengine huyazungusha kwa kidole hewani. Huwa nawaambia hakuna ubaya, kidole nacho kina akili zake.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari mjini Kigoma, na pia mwalimu wa malezi na ushauri. Maana yake ni kwamba mwanafunzi asiyejua aelekee wapi baada ya kidato cha nne hutumwa kwangu. Kijitabu cha vipimo nilikipata kwenye semina. Kina sehemu nne: maneno, hesabu, maumbo na mitambo. Nimekitumia vizuri. Kulikuwa na msichana aliyekuwa akijiita mjinga mbele ya wenzake; kwenye maumbo hakuna aliyemfikia, na leo anachora ramani za nyumba. Kwa hiyo kijitabu sikilaumu, na wewe mwalimu mwenzangu ukikipata, kitumie. Ninachotaka kueleza ni nilichokifanya mimi.

Mwaka huo kata ilitangaza nafasi za vijana kuomba kujiunga na jeshi. Walioomba walizidi sitini, na majina ya kupeleka wilayani kwenye usaili yalikuwa kumi na mawili tu. Mtendaji wa kata, mtu wa Shinyanga ambaye hakuwa na hata mwaka mmoja kwetu, akaogopa.

"Nikichagua mimi," aliniambia, "kila mzazi atasema nimekula hongo. Mwalimu, si una kile kitabu chako? Wapime wewe. Kipimo hakina mjomba."

Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Nilikaa ofisini kwake karibu saa nzima nikimweleza sehemu moja baada ya nyingine, na nikamhakikishia kwamba kipimo kikisimamiwa sawasawa hakidanganyi.

Tukapanga Jumamosi. Halafu nikaisogeza.

Mama yangu anakaa upande wa Kasulu, na kila mwaka maharage yakikauka watoto wake wote tunapanda kwenda kumsaidia kung'oa na kupura. Mwaka huo mvua ilikuwa inatishia kurudi na mama alipiga simu mara mbili kwa siku moja. Nikampigia mtendaji, akasema haina shida. Jumamosi iliyofuata ukumbi wa shule ulikuwa na mkutano wa wazazi, kwa hiyo tukaangukia wiki mbili mbele. Nikabandika tangazo jipya juu ya lile la zamani, nikaenda zangu kwenye maharage.

Mimi ni Mha wa milimani. Naongea Kiha kama watu wa ziwani, vichekesho vyetu ni vilevile, na kwa sababu hiyo nilidhani nawajua. Lakini sisi wa juu tunahesabu siku kwa mvua na kwa soko. Wao wanahesabu kwa mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa haina kazi kukiwa na mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi inapumzika. Watu wanashona nyavu, wanaoa, wanapeleka watoto hospitali, wanalipa usingizi waliokopa. Mwezi ukitoweka wanasema ni giza, na wiki ya giza kila mwenye mikono yuko ziwani tangu jua linapozama mpaka linapochomoza. Jumamosi yangu ya kwanza, ile niliyoiacha, ilikuwa ya mbalamwezi. Ya pili ilikuwa katikati ya giza.

Siwezi kusema sikuambiwa.

Alhamisi kabla ya kipimo alikuja kijana mmoja niliyekuwa nimemfundisha. Kwao ni Mwamgongo, kule kaskazini ambako unafika kwa boti, lakini tangu aanze sekondari alikaa Bangwe, mtaa wa wavuvi hapa mjini, kwa mama yake mdogo, mwanamke anayenunua dagaa wabichi mitumbwini, anawaanika na kuwauza. Kijana alikuwa mshika injini kwenye mtumbwi wa kuvulia, na mchana akitengeneza injini za watu ufukweni. Darasani alikuwa wa kawaida, ila kila somo alilipeleka kwenye injini. Ukifundisha joto, anauliza kwa nini injini ya jirani yao inazimika ikishapata moto. Alitaka jeshi kwa sababu moja: aliamini huko angefundishwa injini kubwa, za meli, bila kudaiwa ada. Na mwaka huo ndio ulikuwa wa mwisho kwa umri wake. Hilo nalo nililijua, maana fomu yake tuliijaza pamoja mezani kwangu, na mimi ndiye niliyehesabu miaka nikamwambia, "Una bahati, mlango bado haujafungwa."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umejiandaa?"

"Nimejiandaa. Ila nilikuwa naomba... hii Jumamosi haiwezi kusogea kidogo? Wiki hii ni giza. Sisi wa Bangwe wote tuko ziwani."

"Si mpumzike Ijumaa moja tu?"

"Ijumaa mshika injini ni mimi peke yangu. Mwenzangu anaumwa. Nisipokwenda, mtumbwi mzima hautoki."

Nyuma yake kulikuwa na vijana saba au wanane wakisoma tangazo ukutani. Nilijua wanasikiliza. Nikapandisha sauti kidogo, kama mwalimu anavyofanya akiwa na jambo zuri la kusema.

"Sasa adui akija wiki ya giza, utamwomba asogee mpaka mbalamwezi?"

Wakaangua kicheko. Mmoja akadakia, "Mwambie adui aje na taa, atapata kitoweo!" Mwingine akampigia saluti: "Kamanda wa dagaa!"

Yeye mwenyewe akacheka, akainamisha kichwa. "Basi, Mwalimu. Nitakuja."

Jioni nilimsimulia mume wangu lile jambo la adui, akacheka pia. Sikumsimulia kwamba tarehe hiyohiyo nilikuwa nimeshaisogeza mara moja, kwa ajili ya maharage.

Jumamosi saa mbili asubuhi ukumbi ulijaa. Vijana wa Bangwe waliingia pamoja, nywele zina maji, wamebadilisha mashati. Macho yao yalikuwa mekundu, na harufu ya ziwa ilikuwa bado mikononi mwao. Nilisoma maelekezo polepole, mara mbili, kwa sababu naamini mtu akielewa anachotakiwa kufanya nusu ya hofu inaondoka. Nikawaambia wasiogope swali gumu, waliruke, warudi baadaye. Nikawatania kidogo. Wakalegea. Hiyo ndiyo kazi ninayoiweza.

Sehemu ya maneno ilipita. Hesabu zikapita. Maumbo yakapita, ingawa niliona vichwa viwili vitatu vinainama na kushtuka. Ya mwisho ilikuwa mitambo, maswali ishirini kwa dakika kumi na mbili. Nilikuwa napita katikati ya madawati. Kijana wangu alianza kwa kasi. Penseli yake haikusimama. Nilifika mwisho wa ukumbi, nikageuka, na niliporudi alikuwa amelala.

Hakukoroma wala hakuanguka. Shavu lilikuwa juu ya mkono wa kushoto na penseli ilikuwa bado katika mkono wa kulia. Nilitazama saa. Zilibaki dakika nane.

Kijitabu kinasema msimamizi haruhusiwi kumgusa wala kumsemesha mtahiniwa kipimo kikishaanza. Ni sheria nzuri na ina sababu zake: ukimgusa mmoja, wa pili ataona umempendelea. Nimewaeleza walimu wengi sababu hizo. Nilisimama kando ya dawati lake nikazieleza tena, kimoyomoyo, kwa nafsi yangu. Lakini kulikuwa na njia nyingine na nilizijua zote. Ningeweza kukohoa. Ningeweza kusema kwa sauti, kwa ukumbi mzima, "Zimebaki dakika nane," kama nilivyokuwa nimefanya kwenye sehemu tatu za kwanza. Kwenye sehemu ya nne sikusema. Nikikumbuka sasa, nahisi kulikuwa na kitu kidogo ndani yangu kilichokuwa kinaridhika. Nilikuwa nimedokeza mbele ya watu kwamba askari hachagui usiku wa kulala, na huyu hapa amelala. Nilikuwa nimeshinda ubishi ambao hakuna aliyebishana nami.

Nilipopiga kengele aliamka. Akatazama karatasi, kisha akanitazama mimi, kisha akaiweka karatasi juu ya zile nyingine na kutoka nje pamoja na wenzake.

Kila fomu ilikuwa na mstari wa mwisho ulioandikwa "Maoni ya msimamizi". Wengi niliwaandikia "Ametulia" au "Anafuata maelekezo". Kwenye fomu yake niliandika "Umakini hafifu". Mkono haukusita.

Jumapili mchana nilisahihisha. Nilipofika kwenye mitambo yake nilikuta maswali saba yamejibiwa, yote sahihi, na baada ya la saba kuna mstari wa penseli unaoteremka taratibu mpaka pembeni ya karatasi. Maswali saba kwa dakika nne. Hakuna mwingine ukumbini aliyekwenda kwa mwendo huo. Mwalimu anayesahihisha hujifunza kutofautisha nafasi iliyoachwa na mtu asiyejua na iliyoachwa na mtu asiyekuwepo, na mstari ule ulikuwa unanieleza kila kitu. Nilijumlisha alama kama kawaida. Akawa wa kumi na tano. Katika wale kumi na wawili waliopita hapakuwa na hata mmoja wa Bangwe, na hilo pia lingepaswa kunisimamisha.

Jumatatu asubuhi bahasha ilikwenda kwa mtendaji. Nilikwenda kumwona Jumatano. Nimejiuliza mara nyingi Jumanne nilikuwa wapi. Nilikuwa shuleni, nina vipindi viwili tu, na ofisi ya kata ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu.

Nilimweleza mtendaji habari ya giza na mbalamwezi, na ya yule kijana. Alinisikiliza vizuri, kwa sababu kwao Shinyanga hakuna mambo hayo na yalimvutia. Kisha akasema, "Majina yamekwenda jana, Mwalimu."

"Siwezi kuandika barua ya nyongeza?"

"Ya huyu mmoja, au ya wote wa Bangwe? Maana nikimwongeza mmoja, mimi nitaambiwa nimekula dagaa. Na wewe ndiye uliyeniambia kipimo hakidanganyi." Halafu akanihurumia. "Wilayani wapo watu. Ukitaka, nenda mwenyewe ukawaeleze. Sikukatazi."

Sikwenda. Kulikuwa na mitihani ya muhula, kulikuwa na mtoto wangu mwenye mafua, kulikuwa na hili na lile. Lakini hasa ni kwamba kule wilayani ningetakiwa kueleza kwa nini tarehe ilisogezwa, na kwa nini nilisimama dakika nane kando ya mtu aliyelala. Mimi ambaye hueleza kila kitu, hilo sikutaka kulieleza. Usaili ukafanyika. Waliochaguliwa wakasindikizwa stesheni kwa ngoma. Mlango niliomwambia haujafungwa ukafungwa.

Wiki chache baadaye mwanafunzi mmoja wa Bangwe aliniletea mfuko wa dagaa wakavu. "Ametuma mama mdogo wa yule kaka," alisema. "Anasema asante, ulimsumbukia sana kijana wake." Nikawapeleka nyumbani. Nikawakaanga na nyanya na pilipili, na tukawala, na walikuwa watamu. Ningependa kuandika kwamba hawakupita kooni, lakini walipita.

Tangu hapo nimekuwa na desturi ya kuuliza kwanza. Kabla ya kupanga kipimo chochote nawauliza wanafunzi wa ufukweni mwezi uko wapi, wa kwenye mashamba wanavuna lini, na Waislamu kama kuna mfungo. Haichukui hata dakika tano. Kila ninapouliza na kuona ilivyo rahisi, ndivyo ninavyokosa mahali pa kujificha.

Nilikwenda Bangwe likizo ya Desemba, asubuhi, wiki ya mbalamwezi. Nilimkuta kijana ufukweni na mwenzake, wameiweka injini juu ya magogo mawili na kifuniko kimefunguliwa. Alinisalimia kwa furaha, akatafuta ndoo, akaigeuza, akaifuta kwa shati ili nikae. Sikukaa.

"Siku ile nilikuona umelala," nikamwambia.

"Najua, Mwalimu. Nilipoamka ulikuwa umesimama palepale."

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, lakini hilo sikulitarajia. Miezi yote ile alikuwa anajua.

"Sikukuamsha."

"Si ndiyo sheria? Ulitusomea mwenyewe."

"Ndiyo sheria. Lakini kwenye sehemu tatu za kwanza niliwatajia muda, na kwenye ile sikuutaja. Na kwenye fomu yako niliandika umakini hafifu."

Akaacha kufuta mikono. "Hilo sikulijua," alisema. Nilingoja anitukane, na nadhani ningeshukuru. Badala yake akauliza, "Yale niliyojibu, nilipata mangapi?"

"Yote. Saba kwa dakika nne. Hakuna aliyekufikia."

Uso wake ukafunguka wote. Akamgeukia mwenzake. "Umesikia? Yote!"

"Nimesikia," mwenzake akajibu bila kuinua kichwa. "Yote, halafu ukalala. Bure kabisa wewe. Hebu nipe spana namba kumi."

Wakacheka wote wawili, na mimi nikabaki nimesimama. Ile furaha yake ilikuwa ngumu kuibeba kuliko hasira. Alikuwa amekaa miezi bila kujua jambo moja jema kuhusu yeye mwenyewe, jambo ambalo kazi yangu yote ni kumwambia mtu, na mimi nilikuwa nalo kwenye daftari langu.

Akampa mwenzake spana, akachuchumaa kwenye injini. Aliongea tena akiwa amenipa mgongo.

"Mwalimu, hayo uliyoniambia kamwambie mama mdogo."

"Nimwambie yeye?"

"Yeye ndiye aliyeniambia niende ziwani ile Ijumaa. Alisema, nenda tu, utalala kidogo asubuhi. Tangu majina yatoke anajihesabia kosa. Nimemwambia si lake, hataki. Giza likianza ananizuia nisitoke. Na nisipotoka, tunakula nini? Mimi akinisikia anaona namtuliza tu. Wewe ni mwalimu."

Mama mdogo alikuwa nyuma ya nyumba, amekaa kwenye mkeka kivulini, anachambua dagaa wakavu, anatoa mchanga na vijiti kabla ya kuwatia kwenye magunia. Aliponiona alitaka kusimama, nikamwomba asisimame.

"Mwakeye, Mwalimu!" alinisalimia kwa Kiha. "Karibu, karibu. Ungesema unakuja, ningepika."

Nikakaa mkekani. Nikamwambia nimekuja kwa habari ya kile kipimo. Mikono yake ikasimama.

"Lile ni kosa langu," alisema haraka, kama mtu aliyekwisha kulisema mara nyingi. "Wewe ulifanya yote. Mimi ndiye niliyemtuma. Kijana ana mtihani, namtuma ziwani. Mama gani huyo?"

"Mama, kosa si lako."

"Usinifariji, Mwalimu."

"Sikufariji. Tarehe ya kwanza ilikuwa ya mbalamwezi. Mimi ndiye niliyeihamisha."

Alinitazama. Naamini hapo ndipo alipoanza kuona kwamba sikuja kumpa pole. Akasogeza ungo pembeni, akakunja miguu vizuri.

"Sikuelewa," alisema. "Mimi sikusoma. Anza mwanzo, polepole, unieleze kama unavyowaeleza wanao pale shuleni."

Nikaanza na maharage. Nikamweleza Alhamisi na kile kicheko. Nilipofika mahali ambapo hakuelewa alinisimamisha, nami nikarudia: fomu ni nini, mstari wa maoni ni nini, kwa nini jina la kumi na tano haliendi. Nilipofika kwenye dawati aliniuliza nilikuwa mbali naye kiasi gani. Nikamwonyesha kwa mkono, kutoka nilipokaa mpaka kwenye goti lake. Akautazama mkono wangu pale ulipokuwa.

"Dakika nane," alisema.

"Nane."

"Na hapo ulikuwa unamfikia."

"Nilikuwa namfikia."

Alivuta ungo wake, akarudi kuchambua, na mimi sikujua kama nimeruhusiwa kuondoka. Baada ya muda alichota dagaa kwa mikono miwili, akawamwaga mkekani mbele yangu. Nikawachambua pamoja naye mpaka adhuhuri. Alipoita kijana aje kula hakunikaribisha, wala hakunifukuza. Nikasimama, nikakung'uta sketi, nikaaga. Aliitikia.

Giza lililofuata nilimuuliza mwanafunzi mmoja wa Bangwe kama yule kaka bado anazuiwa kutoka. Akasema hapana, siku hizi mama mdogo mwenyewe ndiye anayemfungia chakula cha kwenda nacho ziwani. Dagaa hajanitumia tena.